Betri Iliyokufa Ozi

Kwako Jilo, mwana wa dada yangu,

Toka Nanighi mpaka pale mto huu unapoingia baharini, hakuna mtu aliyejua moto wa betri kabla yangu mimi, na aliyenipita baadaye bado sijamwona. Uliza. Malori yakifika hapa kivukoni Garsen, madereva kabla hawajaomba hata maji ya kunywa wanauliza, "Buya yuko?" Lori moja la kutoka Malindi, mafundi wawili walikuwa wameshalikatia tamaa. Mimi niliweka sikio kwenye boneti tu, nikasema waya fulani, na waya ulikuwa huo huo. Mzungu mmoja wa serikali alinipa mkono wake mbele za watu, na mkono wangu una girisi mpaka kiwikoni. Sisemi haya kwa kujisifu. Najijulisha kwako tu, maana jioni hii uliniangalia kama mtu usiyemjua.

Mama yako alipika wali na kambare kwa ajili ya safari yako, na mchuzi ule sikuugusa. Alianza yeye. Alisema dereva ameleta salamu kutoka Mombasa, Athmani amekubali kukupokea, utalala kwake mpaka upate chumba chako, na gereji unayokwenda kujifunza kazi haiko mbali na mkahawa wake wa chai. Mimi nikasema mwanangu hatalala kwa Athmani. Nikasema bora ulale chini ya lori. Ndipo wewe ukarudisha tonge sahanini.

"Mjomba, kesho naondoka. Nikuulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Pale kivukoni wanasema Buya Betri si jina la sifa. Wanasema uliila betri ya Bwana Mpima, akakufukuza kama mbwa."

"Nani anasema?"

"Wote."

"Wote ni nani? Hawana majina?"

"Mjomba, kama hukuila, mbona ulifukuzwa?"

Mama yako akasema, "Jilo, mwache mjomba wako ale." Lakini hakusema unasema uongo. Nilimsubiri aseme. Dada yangu wa tumbo moja, na mimi ndiye niliyewabeba wewe na yeye kutoka Nanighi siku ile baba yako alipozikwa, akageuka akaanza kufukuza kuku ambao hawakuwepo. Nikaondoka na mkono haujanawa.

Sasa naandika. Ningekuja mlangoni kwako kusema kwa mdomo, lakini mdomo wangu unanijua mimi na mimi naujua. Nikifungua mdomo kukueleza habari ya betri, kabla sijafika nusu kutakuwa na simba ndani yake. Kalamu ni nzito. Nilisoma darasa mbili na nusu tu, herufi zangu zinatembea kama ng'ombe wa kiangazi, na uongo unachoka njiani kabla haujafika mwisho wa mstari. Kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mambo ya kuamka mapema, kufua shati, kuficha kipande chako cha kitambulisho mfuko wa ndani, mama yako amekwisha kukwambia na kesho atakwambia tena mpaka lori liondoke. Mimi nitakwambia habari ya lile gari. Hujawahi kuisikia yote. Ulikuwa mtoto, noti bado zina sura ya Mfalme, na nilipokuwa nakusimulia ulikuwa unapenda zaidi yale niliyoongeza.

Bwana Mpima alikuwa Mzungu mrefu, kazi yake kupima mto: kina, upana, mwendo wa maji. Jina lake la kweli lilitushinda ulimi. Alikuja na lori ambalo juu yake amejengewa nyumba. Nyumba kweli, Jilo, ya mbao na bati, ina mlango, ina madirisha ya wavu, ina kitanda, meza ya kukunja, redio, taa tatu na feni ndogo iliyofungwa ukutani pale anapoweka kichwa. Vyote hivyo vinakula betri moja, na betri hiyo hiyo ndiyo inayowasha injini. Waorma wa Minjila walikuja na watoto wao kulitazama. Mzee mmoja alilizunguka lote, akauliza, "Na mke analala wapi?" Akaambiwa hana mke. Akasema, "Sasa nyumba ya nini?"

Mimi niliandikwa kuwa taniboi. Utasikia watu wakisema taniboi ni mtu wa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Sikatai, jiwe niliweka. Lakini mwezi haukuisha, Bwana Mpima alikuwa hagusi waya wowote bila mimi kushika taa. Alinifundisha kidogo, na mengine niliyaiba kwa macho. Kulikuwa na watu wawili wengine kambini: Athmani wa Kipini, mpishi, mtu wa maneno laini na kofia safi, na Barisa, Muorma, askari wa usiku, mtu ambaye akisema maneno matano kwa siku anapumzika kesho yake.

Tukashuka mpaka karibu na Ozi, tukapiga kambi mahali pakavu. Njiani gari liliingia shimo, chupa za maji ya betri zikavunjika zote. Ujue kwamba betri inakunywa maji. Joto linayakausha, na usipoyarudisha mabamba ya ndani yanabaki uchi na kuharibika. Maji yake yawe safi kabisa, ya chupa au ya mvua. Mvua haikuwepo. Bwana Mpima alikuwa mtoni kutwa na vijiti vyake. Mimi nikaona kazi ya fundi haingoji, nikachukua debe nikashuka mtoni kuteka maji.

Hapa sikiliza, maana hapa ndipo maisha yangu yalipopinda, na sikusikia hata mlio.

Sisi watu wa juu, Nanighi na huko, tunatekaje maji? Wewe umezaliwa kule lakini umekulia hapa, labda umesahau. Juu ya mto kuna povu, majani, na mavi ya ng'ombe waliokunywa mbele yako. Kwa hiyo unasukuma chombo chini mpaka mkono unazama kwapani, unachota yale ya chini, baridi, safi. Mtoto anayechota juu juu anapigwa na mama yake. Nikafanya vile. Nikalizamisha debe mpaka chini kabisa, na mamba mmoja mkubwa kama mtumbwi akanitazama akaona huyu si mtu wa kucheza naye. Haya, mamba alikuwa mbali. Kando yangu kulikuwa na mama mmoja wa Ozi anachota kwa kata, juu juu, kama anayetoa mafuta kwenye mchuzi. Akanicheka mpaka kata ikamponyoka.

"Ee, wewe wa juu! Kwenu maji mwayateka kwa kuyafukua?"

Nikamwambia, "Mama, mimi fundi wa umeme. Kuteka maji sifundishwi."

"Haya, fundi. Maji matamu yako juu, wewe wayatafuta chini kama kambare."

Alikuwa ananipa ufunguo wa nyumba nzima, Jilo, na mimi nikaona ananitukana. Pale Ozi bahari inapanda mtoni kila siku. Maji ya chumvi ni mazito, yanapita chini, na maji ya mto yanapanda mgongoni mwake. Ndiyo maana watu wa Ozi wanangoja bahari ijae, kisha wanafungua mifereji, maji matamu ya juu yanaingia mashamba ya mpunga. Hata mtoto wao anajua. Mimi nilirudi kambini na debe la chumvi, nikainywesha betri mpaka ikashiba, na maji yaliyobaki nikampa Athmani ya chai.

Asubuhi Bwana Mpima alibonyeza swichi. Injini haikushika. Ikapigwa kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, ikashika, ikanguruma kutwa, betri ikajaa. Asubuhi ya pili imekufa tena. Ya tatu vile vile. Kazi ya kupiga hendeli ilikuwa yangu. Mkono wangu huu wa kulia, uliopinda hapa kwenye kifundo, nilikwambia nini? Kiboko wa Ozi. Basi si kiboko. Hendeli ilirudi nyuma ikanipiga, mfupa ukalia, na Bwana Mpima akanifunga vipande vya mbao kwa mikono yake mwenyewe. Kiboko mlimpenda zaidi nyinyi watoto, nikamwacha aendelee.

Bwana Mpima akanisimamisha mbele ya wenzangu.

"Buya, wewe nasikiza redio usiku. Wewe nakula betri yangu."

"Bwana, redio sijaigusa."

"Mimi nalala nje kwa sababu ya joto. Ufunguo iko na wewe. Nani mwingine?"

Kule kuniuliza nani mwingine, unajua kulinifanya nini? Nilikuwa sijafanya kitu. Nilikuwa na mkono uliovunjika kwa ajili ya gari lake. Nikawatazama Athmani na Barisa waseme neno. Athmani alikuwa anakoroga uji. Barisa alikuwa anatazama mbuga, kama kuna ng'ombe kule anamwita.

Sasa nitakwambia nilivyomtafuta mwizi wa betri ile, na hiki ndicho kitu ninachokupa cha kubeba, maana shuka amekwisha kukupa mama yako.

Kwanza nilitazama juu ya betri. Vumbi likichanganyika na tindikali inayotoka jasho, linakuwa njia, moto unatambaa kutoka kichwa kimoja kwenda cha pili bila waya. Nikaosha kwa maji ya magadi, nikakausha. Asubuhi imekufa. Pili nikaweka kiganja kwenye dainamo alfajiri, injini haijaguswa. Dainamo inaijaza betri mchana, lakini kile kikata-moto chake kikiganda, usiku inairudia betri na kuinyonya, na asubuhi utaikuta ina joto. Ilikuwa baridi kama maiti. Tatu, nikachomoa waya mkubwa kwenye betri, nikaweka balbu ndogo katikati, mguu mmoja kwenye betri na mwingine kwenye waya. Swichi zote zimefungwa. Kama kuna kitu ndani ya nyumba kinakula, balbu itawaka, na ukichomoa waya mmoja mmoja, itakapozimika umemkamata. Jilo, balbu haikuwaka. Hata wekundu. Nikaigonga nikidhani imeungua, nikaijaribu kwenye tochi, nzima kabisa.

Mwizi hayumo ndani ya nyumba, hayumo kwenye waya, hayumo kwenye dainamo. Mtu mwingine angekata tamaa hapo, akasema jini. Athmani alikuwa ameshasema jini.

Jioni, ikiwa imejaa, nikaichomoa betri kabisa. Waya zote mbili. Nikaibeba kwa mkono mmoja na tumbo, nikaiweka juu ya ubao mbali na gari, nikamwambia Barisa, "Leo usilinde gari. Linda hii." Akakaa nayo usiku kucha kama ndama aliyezaliwa. Asubuhi nikamwuliza.

"Mtu alikuja?"

"Hapana mtu."

"Mnyama?"

"Fisi moja. Naona betri, nakwenda zake."

Nikaipima. Imekufa. Haina waya hata mmoja, haijamgusa mtu, imekufa peke yake juu ya ubao. Na nilipoinama nikasikia ndani inachemka taratibu, na harufu kali inapanda puani, si ile ya tindikali niliyoizoea. Nilikaa chini kwenye mchanga. Ilikuwa inajila yenyewe, Jilo. Miaka hii yote nimeona watu wengi wanaokwisha vile, kutwa wanawatazama majirani zao. Mimi mmoja wao.

Nikiwa pale chini nikasikia Bwana Mpima anafoka mezani. Ameitema chai.

"Athmani! Chumvi tena! Kila siku chumvi!"

"Munyu mimi sikutia, Bwana," Athmani akasema. Kwao Kipini chumvi ni munyu. "Mai haya ndiyo yenye munyu."

"Nani ameleta maji?"

Athmani alinitazama. Angeweza kusema. Akasema, "Mtoni, Bwana. Yametoka mtoni." Akachukua kikombe akaenda kumwaga.

Basi mimi hapo hapo nikaunganisha, bila kitabu, bila mwalimu. Chai na betri wamekunywa debe moja. Nikamrudia yule mama wa Ozi kichwani, na kicheko chake, na kata yake. Nikaenda kwa Bwana Mpima nikamweleza yote: balbu, dainamo, ubao, harufu. Nikamwambia betri imekunywa maji ya bahari. Nani aliyeyateka, hilo halikuulizwa tena na mimi sikulileta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alichovya kidole kwenye debe akaonja. Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka na mimi.

Akaagiza betri mpya, ikaja na lori mpaka Garsen na kwa punda mpaka kambini. Ikaja na chupa zake za maji safi. Niliifunga mwenyewe. Jioni ile Bwana Mpima alikuwa anaondoka kwa mtumbwi kwenda kulala Kipini. Akasimama mlangoni mwa gari akasema maneno ambayo hata nikifa yataoshwa pamoja na mimi.

"Buya, kesho asubuhi mimi narudi. Nabonyeza swichi. Injini nashika, basi, maneno yako kweli. Mimi naandika barua, wewe nakwenda Mombasa, gereji nafundisha wewe kazi ya umeme. Injini hapana shika, wewe ni mwizi."

Ndiyo, Jilo. Mombasa. Gereji. Kazi ya umeme. Hiyo safari unayoifunga kamba usiku huu niliifunga mimi kwanza.

Asubuhi alirudi, viatu vina tope. Akapanda, akabonyeza. Gari likasema tik. Mara moja, kama mtu anayebana ulimi kwa dharau. Akabonyeza tena. Tik. Hakufoka. Heri angefoka. Alishuka, akaingia nyumbani mwake, akatoa blanketi langu na sufuria yangu, akaviweka mchangani pole pole, kama anavyoweka vipimo vyake.

"Toka," akasema.

Nilitembea kutoka Ozi mpaka hapa na mkono umefungwa shingoni. Habari ilifika kabla yangu. Watoto walinipokea kivukoni: "Buya Betri! Buya Betri!" Nikaona nikikasirika nitakuwa nimekubali. Nikacheka, nikalivaa jina kama kofia. Nikakwambia wewe ni jina la heshima, kwa sababu hakuna betri iliyonishinda. Ulilitangaza kwa wenzako wote. Kila ulipolitaja kwa majivuno, wakubwa walikuwa wanaangalia pembeni, na mimi nilikuwa nawaona.

Toka siku ile hakuna aliyenipa gari. Wanaleta wakikwama, naponya, wanatoa shukrani, na mwingine anahesabu spana zake mbele yangu kabla hajaondoka. Kazi yangu umeiona: navuta kamba ya kivuko. Nawavusha wenye magari kwenda ng'ambo, kisha nawarudisha. Mvua ikinyesha navuta, jua likiwaka navuta, na kifundo hiki kinaniambia hali ya hewa kabla ya mawingu. Gari likiingia kivukoni nasikia betri yake kwa namna stati inavyolia ikiamsha injini. Najua ipi itakufa kabla ya Malindi. Zamani nilikuwa nawaambia. Siku hizi naziacha zife.

Hayo si maneno mazuri kumwandikia mtu anayesafiri. Lakini nilisema kalamu ni nzito, siwezi kurudi kufuta.

Utakapofika gereji, gari la kwanza litakaloletwa halina moto, watu watakuwa wameshapata mwizi. Dereva, mlinzi, mtoto wa jirani. Wewe usimtazame mtu yeyote usoni. Chomoa waya kwanza. Weka balbu. Ikiwaka, mfuate mwizi waya kwa waya. Isipowaka, ichomoe betri yote, iweke peke yake, uone. Ukishajua, sema ulichokiona kisha nyamaza. Mimi nilijua jambo kweli mara moja tu maishani, nilijua sawasawa, na halikunisaidia kitu. Kujua ni kazi moja, kuaminiwa ni nyingine, na gereji inafundisha ile ya kwanza tu.

Na wewe ukiniuliza sasa, kama ulivyouliza mbele ya wali: Mjomba, kama betri ya zamani iliuawa na chumvi, ile mpya iliuawa na nani?

Miaka hii yote nimesema Athmani. Nimesema hapa, nimesema Minjila, nimesema msikitini watu wakivua viatu. Nimesema alikuwa na kinyongo kwa ajili ya chai, akawasha taa usiku ili nifukuzwe. Watu wengine waliniamini nusu, na hiyo nusu ilimfikia yeye. Ndugu zake wa Kipini walipita hapa kivukoni hawakunisalimu. Naye hakuja kuniuliza. Alikwenda zake Mombasa, akafungua mkahawa wake, na sasa ametuma salamu kwamba mtoto wa dada yangu Habiba aje alale kwake. Nilipozisikia salamu zile leo, mchuzi ulinishinda kuugusa. Ungemtukana, Jilo. Ungefika kwake na ile chuki niliyokulisha toka utoto, ukala wali wake ukiwa umenuna, au ungelala kweli chini ya lori katika mji ambamo humjui mtu, kwa sababu mimi nilisema.

Kwa nini nilimchagua yeye? Kwa sababu hakuwepo hapa kusikia.

Jioni ile Bwana Mpima alipokwenda Kipini aliniachia ufunguo. Joto la Ozi hujalijua; linakaa juu ya kifua kama mtu. Kifundo kilikuwa kinapiga. Nilipanda garini kuitazama betri mara ya mwisho, nione vichwa vyake vimekaza. Vilikuwa vimekaza. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe. Nilikaa ukingoni tu. Kisha nikaona niweke na kichwa, nijue Mzungu anaona nini akilala. Anaona ile feni. Nikawasha taa ya kitandani, nikasema na feni niiwashe kidogo, nione kama inazunguka, maana fundi lazima ajaribu kila kitu.

Niliamka kumekucha. Barisa alikuwa anagonga ubao kwa fimbo yake. "Buya. Feni nakufa." Ilikuwa inazunguka pole pole, unaweza kuhesabu mabawa yake, na taa ya kitandani imekuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Niliruka, nikazima, nikavuta shuka likae sawa. Mtumbwi wa Bwana ulikuwa umeshaonekana mtoni.

"Wewe nakoroma sana," Barisa akasema, na hilo tu, na mpaka leo hajamwambia mtu.

Sikuila betri kwa wizi. Betri ya kwanza ilikufa kwa chumvi, na hilo niliapa kweli na nitaapa tena. Lakini hii ya pili, ile iliyokuwa inipeleke Mombasa, niliila mimi, nimelala, kichwa juu ya mto wa kulalia wa mtu.

Nenda kwa Athmani. Kunywa chai yake. Ukiona nafasi, msomee kipande hiki cha mwisho. Mimi nikimwandikia mwenyewe mkono utakataa. Kesho mimi ndiye nitakayevuta kamba lori lenu likivuka, na sitazungumza, usidhani nimekasirika.

Upepo wa feni ile ulikuwa mzuri, Jilo. Sikudanganyi. Ulikuwa unakuja usoni kwangu peke yangu.

Mjomba wako,
Buya